Rafiki Hulipa Bei Kamili

Wagga Wagga, 14 Januari

Bryony,

Sikuulizi hali, maana hali yako nimeiona kwa macho yangu mwenyewe pale Melbourne, kwenye mkutano wetu wa wanaovaa mavazi ya wanyama.

Ulidhani kitambaa cha meza kimekuficha. Mimi nikiwa ndani ya kichwa cha kasuku naona kupitia tundu la mdomo tu, lakini nilikiona kile kifuko cha njegere za barafu ulichojifunga kwenye kifundo cha mkono, na mkono huo huo ukiendelea kuchora mbwa wa mtu. Foleni imefika mlango wa choo, nawe unamtabasamia kila anayekuja. Nikasogea, nikavua kichwa, nikasoma bango lako: picha ya mwili mzima, rangi kamili, dola arobaini na tano. Nilifikiri ni jasho limeniingia machoni. Nikafuta, nikasoma tena.

Mwanangu, fundi bomba wa hapa Wagga kwa dola arobaini na tano hazimi hata injini ya gari.

Watu wetu wa manyoya nawajua, nimewashonea mavazi miaka ishirini. Kila mmoja ana mnyama wake, na mnyama huyo ndiye yeye hasa kuliko yule aliye kwenye kitambulisho. Akimpata mchoraji anayemwona mnyama wake, atalipa. Atauza baiskeli alipe. Lakini aliyekujia kwa ajili ya bei rahisi atakuhama kwa ajili ya bei rahisi zaidi, na mkono wako hatakuachia.

Kwa hiyo ni mia na themanini. Picha ya mwili mzima, mia na themanini, na oda chache. Wala usiniletee habari za marafiki. Rafiki hulipa bei kamili. Anayetaka apunguziwe kwa kuwa ni rafiki yako, anataka umlipe kwa kukupenda.

Nijibu kwa karatasi. Simu yangu huandika maneno yasiyo yangu, nami sina umri wa kubishana na simu.

Merle Hockaday
(yule kasuku wa waridi mwenye kelele)


Burnie, 23 Januari

Mama Merle, shikamoo.

Naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zangu zinaonekana zimelewa.

Nilikuwa na hakika hakuna aliyeziona zile njegere. Sasa kwa kuwa umeziona, acha niseme yote. Mtaalamu wa viungo ameniambia nikiendelea hivi, ikifika baridi mkono huu utashika kijiko tu, tena kijiko kisicho na supu. Anataka nichore robo ya ninazochora sasa. Robo! Robo ya picha kwa bei yangu ni kodi ya mlango na dirisha. Chumba chenyewe sitakimudu, nitalala nje. Binamu yangu Darcy anafurahi sana. Kila asubuhi ninapomsaidia kwenye duka lake la mikate ananiambia niache kuwachora mbwa waliovaa suruali, nije kwake kazi ya kudumu.

Lakini mia na themanini, mama? Nimejaribu kuitamka mbele ya kioo, nikacheka mwenyewe. Kuna watu mtandaoni wanachora kwa ishirini. Kuna wengine wanachora kwa kupewa ahsante.

Na kuna mteja mmoja ninayeogopa kumpoteza kuliko wote. Anajiita Miiba. Mnyama wake ni ekidna, mviringo wa miiba na mdomo mwembamba kama mrija. Simjui jina wala uso wala mji. Huniandikia kwa barua pepe, sentensi mbili tatu, adabu tupu. Huu mwaka wa nne, kila majira yakibadilika ananiagiza picha moja. Wenzake wanataka panga, moto, mwezi mpevu mgongoni. Miiba anataka ekidna anayeanika nguo. Ekidna anayesubiri basi na mfuko wa viazi. Ekidna aliyesimama kwenye sinki anakula mkate uliopakwa Vegemite. Hataki zionyeshwe hadharani, kwa hiyo hakuna anayezijua ila mimi na yeye. Ndizo kazi zangu bora, mama, na hakuna atakayeziona. Sijui ana fedha au hana, lakini mtu anayejichora anakula mkate kwenye sinki hanijii na sura ya tajiri.

Haya. Nitajaribu mpaka Pasaka. Ikishindikana, Darcy amepata mfanyakazi na watu wa manyoya wamempoteza popo mmoja, yaani mimi. Rasimu ya tangazo nimeiweka humu, isome.

Bryony Tulloch


Wagga Wagga, 1 Februari

Bryony,

Rasimu nimeisoma. Umeomba samahani kuliko mtu aliyegonga ng'ombe wa jirani. Samahani kwa usumbufu, samahani kwa mabadiliko, samahani kwa wateja wa zamani. Mwishoni nilitaka kukusamehe mwenyewe ili uninyamazie.

Bei si kosa, haiombewi msamaha. Wala usiwaeleze habari za mkono. Ukiwaeleza habari za mkono watakupa pole, na pole haijawahi kulipa umeme. Andika bei, andika utachukua oda ngapi, andika kwamba malipo yanatangulia. Kisha weka jina lako uende ukaoge. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, nawe umejitembeza vya kutosha.

Wapo watakaokucheka. Waache wacheke, kicheko cha asiyenunua hakina hasara. Wapo watakaosema umebadilika. Waambie ndiyo.

Kuhusu huyo Miiba wako, ni mtu mzima, atajijua. Usimwonee huruma mtu ambaye hajakuomba.

Merle


Burnie, 5 Februari

Kwa wateja wangu,

Kuanzia leo picha ya mwili mzima ni dola mia na themanini. Picha ya kichwa ni sabini. Nachukua oda kumi kwa mwezi. Malipo yanatangulia. Niletee picha ya mfano ya mnyama wako inayoonyesha rangi zote, mbele na nyuma. Bei ni moja kwa wote.

Bryony Tulloch, popo


6 Februari

Ndugu Mchoraji,

Nimelisoma tangazo lako. Bei hiyo ni ya haki, na ingefaa uiweke mapema zaidi. Kwa upande wangu imenizidi uwezo, kwa hiyo picha ya kiangazi ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Nakushukuru kwa zote. Tafadhali usijisumbue kunijibu.

Wako,
Miiba


Burnie, 12 Februari

Mama Merle,

Chema chajiuza, ulisema. Chema kimekaa dukani wiki nzima kinapigwa vumbi.

Oda sina hata moja. Maneno ninayo ya kufungulia ghala. Mmoja ameandika, “Popo ameota ndevu.” Mwingine ameniuliza kama kwa bei hiyo nakuja mwenyewe na nyundo kuitundika ukutani. Yule bwana wa Adelaide mwenye mbwamwitu wa buluu, niliyemchorea tangu hana hata mkia, ameniandikia kwamba yeye alidhani sisi ni marafiki. Nilimjibu kwa maneno yako, kwamba rafiki hulipa bei kamili. Hajarudi. Nakiri nilijisikia vizuri kidogo, kama mtu aliyevunja sahani makusudi.

Lakini Miiba ameaga. Hakulalamika, mama. Angelalamika ningepata nafuu. Amesema bei ni ya haki na imemzidi, akashukuru, akaniambia nisimjibu. Nililia juu ya trei ya mikate mpaka Darcy akaja mbio akidhani nimeungua.

Hujui huyu mtu ni wa namna gani. Picha yake ya kwanza niliikosea, kosa la aibu, kosa la mtoto. Sitakuandikia ni kosa gani maana utanicheka mpaka Pasaka. Niliposhtuka baada ya miezi nikamwomba nimrekebishie bila malipo, akakataa. Alinilipa kwa kazi mbovu na hakusema neno.

Nataka kumrudishia bei ya zamani. Yeye peke yake, kimya kimya. Nani atajua? Niambie ndiyo, nimwandikie leo hii.

Bryony


Wagga Wagga, 19 Februari

Bryony,

Hapana. Hapana ya herufi kubwa. Hata senti moja usimpunguzie.

Uliandika bei ni moja kwa wote. Wote ni wote. Leo ni Miiba, kesho ni yule wa Adelaide na mbwamwitu wake wa buluu, keshokutwa umerudi kwenye njegere. Na ukiniuliza nani atajua, nakujibu utajua wewe. Utakaa pale unachora kwa huruma, na huruma ina mkono mzito, itaonekana kwenye mstari.

Tena fikiria upande wake. Mtu huyo amekulipa kila ulichotaja kwa miaka minne. Alikulipa hata ulipomgeuzia miguu ikaelekea mbele kama ya bata, akanyamaza, akalipa. Huyo si mtu wa kutupiwa hisani. Hisani yako itamvunjia heshima pekee aliyoibakisha, ile ya kuwa mteja na si ombaomba. Mwache aondoke amesimama wima. Akipata atarudi, asipopata ana zake ukutani, hakuna atakayemnyang'anya.

Wewe kaza. Wiki moja si kitu. Watu wa manyoya wanasubiri mshahara kama watu wengine. Na upake dawa huo mkono.

Merle


Burnie, 26 Februari

Ndugu Miiba,

Uliniambia nisijibu, nami nimevumilia nilivyoweza. Sikuandikii habari za bei. Nina swali moja tu.

Ile picha ya kwanza, ile ambayo miguu ya nyuma niliielekeza mbele kama ya wanyama wengine, kwa kutokujua kwamba ya ekidna huelekea nyuma. Uliwahi kumwonyesha mtu? Au kumsimulia mtu kosa langu, hata kwa mzaha? Mimi sijamwambia mtu yeyote.

Bryony


27 Februari

Ndugu Mchoraji,

Sijamwonyesha mtu wala kumsimulia mtu. Picha zote ziko katika nyumba isiyopokea wageni. Miguu ile naomba uiache ilivyo.

Wako,
Miiba


Burnie, 13 Machi

Mama Merle, shikamoo.

Barua hii naiandika kwa mkono wa kulia. Itazame vizuri hiyo herufi M, imesimama kama askari.

Walikuja, mama. Wa kwanza ni mwanamke wa Darwin mwenye mamba anayevaa miwani, akalipa mia na themanini bila kuuliza, na chini akaandika, “Hatimaye.” Neno moja tu hilo. Kumbe alikuwa ananionea aibu miaka yote. Baada yake wakaja wengine, na jana nimefunga orodha ya mwezi. Kumi. Nimemwambia Darcy atafute mtu mwingine wa kupanga mikate. Alinuna, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama yeye angekuwa mnyama angekuwa nani. Nilimwambia picha ya kichwa ni sabini.

Hata yule wa Adelaide amerudi. Hakutaja urafiki. Alitaja rangi za mbwamwitu wake na kutuma malipo.

Haya yote ni kazi ya ulimi wako, sitasahau.

Sasa nina ombi la kibiashara. Nataka mabawa. Mwaka wa ngapi huu mimi ni popo asiye na mabawa, nakaa kwenye meza na masikio tu kama sungura aliyechoka. Nataka ya kufunguka na kufunga, ngozi nyeusi kwa ndani, manyoya ya kahawia begani. Unatoza kiasi gani?

Bryony


Wagga Wagga, 18 Machi

Bryony wangu,

Nimeisoma kwa sauti mbele ya birika, maana sina mwingine wa kumsomea. Mamba wa miwani! “Hatimaye”! Nimefurahi hadi jirani amegonga ukuta. Nilijua. Sijawahi kuwa na shaka, isipokuwa usiku mmoja, na usiku huo nilikuwa nimekula jibini, nayo huniotesha ndoto mbaya.

Mabawa nitakushonea, tena kwa raha. Fito nazipinda mwenyewe kwa mvuke, bawaba nazitengeneza kwa vyuma vya mwavuli, kitambaa cha manyoya nakikata kwa wembe upande wa nyuma ili manyoya yasinyolewe. Ni kazi ya wiki tatu hivi. Ni dola mia na ishirini. Usishtuke, ndiyo bei yangu tangu marehemu mume wangu Ern akiwa hai, na sioni sababu ya kuwakamua watu. Kwako wewe nitaongeza na mkanda bure.

Merle


Burnie, 24 Machi

Merle Hockaday,

Sikuulizi hali, maana hali yako nimeisoma kwa macho yangu mwenyewe. Mia na ishirini! Nilifuta macho, nikasoma tena.

Wiki tatu, mama. Mvuke, wembe, bawaba. Fundi bomba wa huko Wagga kwa bei hiyo angekupa ushauri kupitia dirisha. Umenipigia kelele kuanzia Januari, kumbe mganga hajigangi. Ningekuwa sina adabu ningetaja na yule nyani wa kwenye methali, ambaye hukiona cha mwenzake tu, lakini nimelelewa vizuri nitanyamaza.

Nimeulizia kwa mafundi wenzako. Mabawa ya namna hiyo Brisbane ni dola mia sita, na bawaba zao zinalia. Kwa hiyo asubuhi hii nimekutumia dola mia sita. Ukizirudisha nitazituma tena, ukizirudisha nitazituma tena, tutaitajirisha benki mpaka mmoja wetu achoke, na mimi ni kijana. Huo mkanda wa bure siutaki. Utaje bei yake.

Nataka uandike tangazo. Vazi zima, kichwa, mkia, mabawa, vyote kwa bei mpya. Neno samahani nikiliona nitapanda meli kutoka kisiwani huku nije.

Sasa nikuambie kwa nini nang'ang'ania. Nina mteja mmoja ninayemtaka arudi. Ulinikataza nimpunguzie, nami nimetii. Hata senti moja sijampunguzia. Ulisema nikimtupia hisani nitamvunjia heshima, nami nimekubali, simtupii. Lakini hukunikataza nihakikishe kazi ya mikono yake inalipwa inavyostahili. Amekaa miaka yote akiwashonea watu kwa bei ya marehemu, halafu mimi nikipandisha yangu ananiambia kaza, kaza, huku anajifungia mlango kwa nje.

Niliandika kwamba kuna kosa sitakuambia. Nawe ukanijibu habari za miguu iliyoelekea mbele kama ya bata.

Nakupenda sana. Tangazo kabla ya Jumapili.

Bryony


Wagga Wagga, 4 Aprili

Bryony,

Nilikaa na barua yako mpaka chai ikapoa. Nikachemsha nyingine, nayo ikapoa. Mtoto huna adabu hata kidogo, na sijawahi kufokewa vizuri namna ile tangu nizaliwe.

Miguu. Miaka ishirini nawafundisha watu kutunza siri ya oda ya mteja, kumbe mdomo unaovuja ni huu wangu wa waridi.

Sasa sikiliza, maana sitarudia. Ern alipofariki watu wetu walikuja wote kumzika, Mungu awabariki, na kila mmoja alitaka kumwona Kasuku. Nikawapa Kasuku. Nimewapa mpaka leo, kelele, ngoma, kukumbatia watoto. Nikirudi nyumbani nikavua kile kichwa, aliyebaki ndani ni ekidna, anayejikunja akisikia mlango. Huyo nilitaka aonekane na mtu mmoja tu, na mtu huyo asijue ni mimi. Ungejua ungenichorea bure. Na cha bure ningekitazama kila siku nikiona pole yako. Nilitaka picha, mwanangu. Pole nilikuwa nazo kabati zima.

Ile ya kwanza niliichapisha maktaba, nikashindwa kungoja kufika nyumbani, nikaitandaza kwenye kiti cha gari. Nikaiona miguu. Ekidna wote duniani miguu yao ya nyuma inaelekea walikotoka. Wangu peke yake inaelekea anakokwenda. Nikacheka mle garini mpaka kioo kikaingia ukungu, na hicho kilikuwa kicheko changu cha kwanza tangu mazishi. Wiki iliyofuata nilienda mkutanoni, safari ya kwanza bila Ern. Ndiyo maana sikukuruhusu uirekebishe. Ukiigusa miguu ile nitakushtaki.

Ziko ukutani zote, kuanzia jikoni hadi chumbani. Nikiamka nazipita moja moja. Ulipoandika kwamba ndizo kazi zako bora na hakuna atakayeziona, nilitaka kukuandikia kwamba zinaonwa kila asubuhi na mtu aliyevaa ndala. Nikashindwa.

Tangazo nimelitoa Jumamosi. Nililisoma mara kumi kabla ya kulituma, mimi, Merle, niliyekupigia kelele. Samahani niliandika moja, nikaifuta. Mpaka sasa hakuna aliyejibu isipokuwa mtu mmoja aliyeniambia kasuku ameota ndevu. Nadhani ni yule yule wako.

Fito za mabawa yako ziko kwenye mvuke. Mkanda ni dola arobaini.

Merle


Burnie, 9 Aprili

Mama Merle,

Mkanda nimelipa.

Nimesoma yako nikiwa nimesimama kwenye sinki, nikala mkate mzima bila kujua. Sina la kusema ambalo halitaonekana ni pole, kwa hiyo sitalisema.

Wiki moja si kitu. Watu wa manyoya wanasubiri mshahara kama watu wengine.

Bryony


2 Juni

Ndugu Mchoraji,

Naomba nafasi katika orodha ya mwezi huu, kama ipo. Hali yangu imebadilika. Nina oda za vichwa viwili na mikia mitatu, kwa bei ambayo nikiitamka bado nageuka kutazama kama ni mimi niliyesema.

Picha ya majira ya baridi: ekidna ameketi jikoni na cherehani, anashona mabawa ya popo. Dirishani awepo kasuku wa waridi anachungulia ndani, amefunga mdomo. Hawajawahi kuwa pamoja kwenye picha moja, na nadhani sasa wanaweza.

Picha hii nakuruhusu uionyeshe hadharani. Malipo nimetuma, bei kamili. Miguu unajua.

Wako,
Miiba


Burnie, 3 Juni

Ndugu Miiba,

Oda yako nimeipokea, ni ya kwanza katika orodha ya mwezi.

Malipo yamefika, ila yamezidi dola ishirini. Nimeangalia mara mbili nikidhani umekosea, kisha nikakumbuka naandikiana na nani. Nimezirudisha asubuhi hii. Rafiki hulipa bei kamili, na anayezidisha anatupa hisani, nami hisani sipokei kutoka kwa mtu ninayempenda. Ukizituma tena nitazirudisha tena.

Mabawa yamefika jana. Nimeyavaa tangu jana. Darcy amenisindikiza sokoni nikiwa nayo, akanifungulia mlango kwa kuwa sikuweza kupita, na mbele ya watu wote hakuona haya.

Rasimu utaipata Ijumaa. Miguu nimeichora kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Inaelekea mbele.

Bryony